Mlango Usioingia Kwenye Picha

Awadhi alikuwa amebana mgongo ukutani mpaka ubaridi wa chokaa ukapenya shati, kamera kaishika usawa wa jicho, anatafuta. Akaielekeza kulia, dirisha likaingia, mlango ukatoka. Akairudisha kushoto, mlango ukaingia, dirisha likatoka. Akavua viatu, akapanda kitandani, akasimama kando ya mto wa mama yake huku kichwa kikikaribia boriti, akajaribu tena kutoka huko juu. Kabati la nguo lilionekana lote, pamoja na masanduku yaliyopangwa juu yake. Dirisha lilionekana nusu. Mlango haukuwemo.

"Shuka bwana, utamkanyaga," alisema dada yake, Hajira, aliyesimama ukumbini na bakuli la uji mkononi.

Mama yao, Bi Sitara, alikuwa amelala chali chini ya kanga, akiitazama miguu ya mwanawe na kutabasamu. Akasema Awadhi tangu utoto ni mtu wa kuparamia tu, iko siku atavunjika. Kisha akamuuliza Hajira kama huyu mtoto amekula.

Ndani ya chumba hiki aliwajua wote. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla pole pole, kama mchwa walavyo boriti, nje pazuri na ndani vumbi. Akitolewa ukumbini tu, alimsalimu Hajira kama mgeni na kumuuliza kwao wapi. Lakini akirudishwa chumbani, akilazwa kichwa upande wa kona, akaliona dirisha upande wake wa kulia, kabati katikati na mlango kushoto, majina yalimrudia. Huyu Hajira. Huyu Awadhi. Yule anayepiga kelele nje ni Twaha, mwambieni apunguze sauti, baba yenu kapumzika. Baba yao alikuwa amefariki zamani, lakini kwa hilo hawakumsahihisha.

Na chumba chenyewe kilikuwa kinakwenda kuvunjwa. Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili, vyumba vinatazamana na ukumbi katikati, na katika mtaa ule wa Kariakoo ilibaki peke yake. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na ukuta wa ghorofa la kushoto ulikuwa umelisogelea dirisha la Bi Sitara kiasi kwamba mtu hawezi kupenya hata kwa ubavu. Warithi walikuwa wengi, wengine wa mikoani, na wote walishakubali kuuza. Twaha, kaka yao mkubwa, ndiye aliyelibeba jambo lile mpaka mwisho, na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na njia nyingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mchana lori lingekuja, na Bi Sitara angehamia Chanika kwa Hajira.

Wazo la kamera lilikuwa la Hajira. Mama yao alipolazwa hospitali mara ya mwisho, alilia na kung'ang'ania kurudi kwake, mpaka Awadhi akamwekea kwenye kioo kidogo cha kamera picha za Idi zilizopigwa chumbani mle. Akatulia palepale, akalitazama kabati lake, akalala. Basi Hajira akasema, kwa nini usikipige chumba chote, kama kinavyoonekana kutoka kwenye mto wake wa kulalia, na sisi wanawe tumekaa mkekani? Kule Chanika tutaweka televisheni mbele ya kitanda chake. Akishtuka usiku, tunawasha.

Awadhi alikuwa mpiga video wa harusi kwa miaka mingi, kazi aliyojifundisha mwenyewe kwa kuharibu na kurudia, akaona ni jambo jepesi. Mara ya kwanza alipiga kwa kuizungusha kamera taratibu, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Wakamjaribia mama katika chumba cha mbele. Alitazama kwa utulivu, dirisha, kabati, kisha akaanza kugeuza shingo huku na huku.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

Hajira akamwambia unakuja, mama, subiri. Ukaja kweli, lakini ulipokuja mlango, dirisha likawa limekwenda, na Bi Sitara akawa ameshaamini kwamba wamemfungia. Aliupiga mkono wa kiti mpaka majirani wa ghorofani wakachungulia. Tangu hapo Awadhi aliijua kazi yake ilivyo: dirisha na mlango vikae pamoja, picha imetulia, hakuna kuzungusha.

Walijaribu simu ya Twaha. Ilichukua kwa upana wa kutosha, ila chumba kilikuwa na giza, na kwenye televisheni picha ikajaa chenga. Mama akauliza mvua imeanza lini. Wakajaribu kuwasha taa kali, akajifunika uso kwa kanga na kusema polisi wamekuja. Wenzake Awadhi wenye kamera kubwa za kisasa wote walikuwa kazini, msimu ulikuwa wa sendofu na harusi, na mtu hampi mwenzie kamera mwisho wa wiki. Ilibaki njia moja aliyokuwa anaijua vizuri: adapta ya lenzi pana, kile kioo kinene kinachozungushwa mbele ya kamera kama mfuniko wa chupa, kikafanya chumba kidogo kienee chote. Alikuwa nayo zamani. Ilivunjika kwenye harusi moja Temeke, hakununua nyingine, kwa sababu watu walihamia kumbi kubwa.

Alishuka kitandani, akampa mama yake mkono, akatoka.

*

Zamani kitu kama kile mtu alikwenda moja kwa moja mjini kwa mzee Abdulmajid. Duka lake lilikuwa dogo, limejaa mikanda na betri, na mzee alikuwa na desturi moja: hapokei fedha mpaka uwe umeifunga lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, ukapiga ule ukuta wake wa vigae vyeupe, ukatazama pembe zote nne. Mistari ya vigae ikinyooka, unalipa. Ikilegea, alikuwa anaichukua lenzi na kuitupia kwenye kopo, hata kama mteja anaitaka.

Duka lilikuwa limefungwa. Mlangoni palikuwa na tangazo la juisi ya miwa. Awadhi akampigia Nasreen, binti wa mzee, anayekaa Upanga. Nasreen akamwambia baba alifariki kabla ya Ramadhani, na vitu vilivyobaki, vile vilivyotumika, alivichukua mama mmoja wa Mchikichini anaitwa Hyasinta, yuko mstari wa viatu, muulize yeyote. Baba alikuwa akimwamini, alisema. Awadhi akatoa pole yake, akasimama kidogo kwenye kivuli cha nguzo, kisha akatafuta bajaji.

Hyasinta alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Masasi kwa matamshi yake, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kati ya wauza viatu vya mitumba. Meza yake ilikuwa na rimoti, chaja, redio, vifuniko vya lenzi. Kila kitu kilikuwa kimebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, na juu ya plasta, kwa kalamu ya wino, kimeandikwa kilema chake. *Inashika stesheni moja.* *Betri inachoka haraka.* *Kitufe cha tatu kimekufa.*

"Karibu kaka. Macho ruksa, na mkono pia ruksa."

Awadhi akamweleza anachotaka. Hyasinta akafungua kopo la biskuti, akatoa adapta iliyofungwa kwenye soksi ya mtoto. Plasta yake ilisema: *Ina mkwaruzo ukingoni. Mfuniko hakuna. Kioo kizima.*

Ukubwa ulikuwa ndio wenyewe. Awadhi akaitoa kamera begini, akaifunga, akaielekeza kwenye ule mstari wa viatu. Viatu vya kushoto vikaingia, vya kulia vikaingia, nguzo za pande zote mbili zikasimama wima, na mpaka ukingoni kabisa aliweza kuona kamba za raba. Ule mkwaruzo haukuonekana popote. Akauliza bei, na bei ilikuwa ndogo, ndogo mno.

"Hii ni katika zile za mzee Abdulmajid?"

Hyasinta angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno moja, na mambo yote yangekwenda njia nyingine.

"Hapana. Za mzee ziliisha kitambo," alisema. "Hii niliikuta ndani ya begi la kamera, kwenye mzigo wa mabegi ya mitumba. Mwenyewe simjui, na siwezi kukudanganya kwamba namjua."

Awadhi akainamisha kamera.

"Wewe chukua," Hyasinta aliendelea. "Kajaribu kwenye hicho chumba. Ikikataa, niletee kesho. Ikikubali, niletee hela yangu."

"Nikuachie nini?"

"Uniachie nini tena? Jina lako linatosha."

"Na nisiporudi?"

"Utakuwa umepata lenzi."

Muuza viatu wa jirani, kijana mmoja mnene aitwaye Samson, akacheka mpaka akashika tumbo. "Broo, chukua haraka kabla hajaamka usingizini. Huyu mama biashara yake ni sadaka, anangoja tu kujengewa kanisa."

"Wewe uza hivyo viatu vyako vya miguu ya kushoto," Hyasinta akamjibu bila kugeuka.

Aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Awadhi hakuwa mtu wa kudhania watu vibaya, lakini alikuwa amekulia Kariakoo, na Kariakoo inamfundisha mtu hesabu zake. Kitu kizuri, bei ya chini, na muuzaji asiyetaka amana: mambo hayo matatu hayatembei pamoja. Anayekuonyesha kilema kidogo, kuna kikubwa anakifunika. Tena alimkumbuka Beno, rafiki yake wa kazi, aliyenunua kamera isiyo na mwenyewe, akaja kufuatwa na wenyewe katikati ya harusi, na bwana harusi akabaki anasubiri mpiga picha aliyekwishapakiwa kwenye gari la polisi. Akajiona yeye Jumamosi ile, mama yuko mlangoni, lori linanguruma, na mtu anamshika bega: hii lenzi umeipata wapi?

Akaifungua ile adapta taratibu, akaipangusa alama za vidole vyake, akairudisha kwenye soksi. Akasema anazunguka kidogo, atarudi.

"Haya kaka," alisema Hyasinta. Neno lile la kurudi alikwishalisikia kwa wengi.

*

Kariakoo yenyewe, upande wa Mtaa wa Kongo, Awadhi hakupiga hatua nyingi kabla winga hajamdaka. Mawinga ndio wenye macho sokoni. Hawana duka, lakini wanajua kila duka lina nini, na wanakupeleka ili wapate tonge lao. Huyu aliitwa Zakayo, sura yake Awadhi aliijua kwa kumwonaona, na hilo peke yake lilimpunguzia wasiwasi.

"Mkubwa, kamera hiyo begani naiona. Unatafuta nini nikupeleke? Usizunguke juani kama umefukuzwa."

Alimpeleka kwenye jengo jipya, ghorofa ya kwanza, fremu ya duka yenye vigae vinavyong'aa na kiyoyozi. Nyuma ya kaunta ya kioo alikaa dada mmoja, Stella, mpole, mwenye mashine ya risiti mbele yake. Zakayo akazungumza naye mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha akatoa adapta na kumpa Awadhi. Awadhi akafanya kama alivyofundishwa na mzee Abdulmajid. Akaifunga, akaielekeza ukutani, akazitazama pembe nne moja moja, hakuna kulegea, hakuna giza. Akauliza bei. Ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya Hyasinta, na jambo hilo, kwa namna isiyoelezeka vizuri, lilimtuliza.

"Hiyo ni ya sampo, ya kujaribia tu, mkubwa," alisema Zakayo, akiipokea. "Imeshikwashikwa na kila mtu. Nakuletea ya kwako, iko kwenye nailoni yake."

Akatoka, akarudi na boksi lililofungwa, lina picha ya bahari na maandishi ya kumetameta. Juu ya kaunta palikuwa na karatasi iliyobandikwa: ukikata nailoni, umenunua. Awadhi alisimama akilitazama boksi, kisha ile sampo mkononi mwa Zakayo. Akili ilimwambia achukue ile aliyoijaribu. Lakini ile haikuwa na boksi, haikuwa na karatasi, ilikuwa na alama za mikono ya watu asiowajua, na siku nzima alikuwa anakikimbia kitu cha namna hiyo hiyo. Mtu hawezi kukataa kitu Mchikichini kwa sababu hakina mwenyewe, akaja kukipokea hapa.

Akachukua la nailoni. Stella akamtolea risiti, akamtakia kazi njema.

Alifika nyumbani jua likiwa bado linaingia chumbani kwa mshazari, dakika zile chache linapopenya kati ya maghorofa. Akakata nailoni. Adapta ilinuka plastiki mpya. Ilizunguka vizuri kwenye nyuzi zake, ikakaza. Hajira akamkalisha mama, akamtandikia mito, akakaa mkekani. Awadhi akabana mgongo wake kwenye kona ileile na kutazama.

Picha ilikuwa pana. Hilo hawakumdhulumu. Lakini ilikuwa pana kama mtu anavyochungulia ndani ya bomba: katikati kabati limevimba, na kuzunguka pande zote duara jeusi. Dirisha lilikuwa nje ya duara kwa robo. Mlango ulikuwa ndani ya giza lenyewe, na kile kipande kilichosalia kilikuwa kimeyeyuka kama mshumaa. Akavuta picha kidogo ili giza litoke. Giza likatoka, na mlango ukatoka nalo. Akarudisha. Akavuta. Akarudisha.

Hata hivyo alipiga, kwa kuwa alikuwa amekwishafika hapo. Jioni wakampeleka mama chumba cha mbele wakamwonyesha. Bi Sitara alilitazama lile duara jeusi.

"Mbona mmenitia kisimani?" alisema.

Hajira akazima televisheni. Hawakuzungumza tena habari ile mpaka walipolala.

*

Ijumaa asubuhi Awadhi alirudi kwenye lile jengo. Zakayo hakuwepo, na simu yake haikupatikana. Stella alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamweleza mambo yalivyo, na alieleza kwa upole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Boksi lile halikutoka dukani kwao. Zakayo alilitoa stoo ya mtu mwingine, yeye alimpa nafasi kwenye kaunta tu na risiti, ndivyo wanavyosaidiana. Awadhi akasema, basi nipeni ile ya sampo, nitaichukua hivyo hivyo.

"Ile ni ya Zakayo mwenyewe, kaka. Anatembea nayo mfukoni duka kwa duka. Ile haiuzi, ndiyo jembe lake."

Fedha hazikuwa za kwake yeye kurudisha, alisema, lakini kama angependa angeweza kumbadilishia na kitu kingine cha dukani. Akamwonyesha spika inayowaka taa za rangi. Aliibonyeza, ikapiga muziki, akaizima haraka alipoiona sura ya Awadhi.

Awadhi hakupiga kelele. Wengine wangepiga, na pengine ingesaidia, lakini hakuwa ameumbwa hivyo, na alipomtazama yule dada aliona mtu aliyeajiriwa kukaa kwenye kiti. Akashukuru, akashuka ngazi. Alisali Ijumaa kwenye msikiti wa karibu, kisha akaelekea Mchikichini kwa miguu, akipishana na mikokoteni na watu wenye mabelo ya mitumba kichwani, na njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwomba radhi Hyasinta kwa jambo ambalo Hyasinta hakulijua.

Alimkuta anabandika plasta kwenye redio.

"Kumbe umerudi," alisema, na ilionekana kweli amestaajabu.

"Nimekuja kuichukua ile lenzi."

Hyasinta akaweka kalamu chini. "Jana ulipoondoka tu, alikuja kijana mmoja. Naye ana kamera. Nimempa akajaribu."

"Kaacha nini?"

"Jina. Elimringi." Alimtazama Awadhi usoni. "Atakuja kesho asubuhi. Ikimkataa anairudisha, ikimfaa analeta hela."

"Simu yake unayo?"

"Sikumwomba."

Awadhi akasimama, mkono juu ya meza, katikati ya rimoti. Aliijua lenzi ile. Alikuwa ameitazama kwa jicho lake, ameona kamba za raba mpaka ukingoni. Lenzi mbovu ingerudi, kila mtu angeirudisha. Lenzi nzuri hairudi. Kama yule kijana ni mkweli, atakuja na fedha. Kama si mkweli, hatakuja na chochote. Na kwa vyovyote vile, mlango wa mama yake hautaingia kwenye picha.

"Itamfaa," alisema.

"Najua," alisema Hyasinta.

Ndipo akamsimulia yote, mama, chumba, lori. Hakuwa amefanya hivyo jana. Jana alisema ni chumba tu. Hyasinta alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakumwambia ungechukua. Alisema kesho atafungua mapema kuliko siku zote, na Elimringi akitokea, hata akiwa na fedha, atamwomba amwazime Awadhi kwa saa moja.

"Akikubali?"

"Akikubali nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Mtaa nielekeze."

Awadhi akamwelekeza. Alipofika kwenye kusema nyumba yenyewe ilivyo, alijikuta hana alama nyingine ya kumpa: ile ya chini, ya bati, katikati ya maghorofa, ya mwisho. Alimwamini sasa, bila shaka yoyote. Ila kuaminika kwa Hyasinta hakukuwa na uwezo wa kumleta Elimringi.

*

Njiani alifikiria njia ya mwisho. Angeweka kamera juu ya stendi, aikaze isitikisike, apige nusu yenye dirisha kwanza, halafu aigeuze na kupiga nusu yenye mlango, kisha aziunganishe kwenye kompyuta ya Beno. Mshono ungeonekana. Mtu akikaa katikati angekatika vipande viwili, kwa hiyo wao wenyewe wangekaa pembeni au wasiwemo. Lakini mlango na dirisha vingekuwa pamoja. Ilikuwa bora kuliko kisima.

Alipoingia ukumbini alimsikia Hajira akisema kwa sauti ya juu, na Twaha akijibu taratibu, na kabla hajafika chumbani alikwishaona. Kabati halikuwepo. Twaha alikuwa amepata guta la mizigo la mtu anayekwenda Chanika mchana ule, na kwa kuwa lori la kesho lisingetosha, akaona kabati litangulie. Mwenyewe alikuwa ameloa jasho. Alidhani Awadhi alikwishamaliza kupiga jana, hakuna aliyemwambia kwamba haikukubali.

Ukutani, pale lilipokuwa kabati, rangi ilikuwa ya zamani, kijani kibichi, na buibui wawili watatu wanahangaika.

Bi Sitara alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja, kanga ameivuta mpaka mabegani. Alikuwa anautazama ule ukuta kwa adabu, kama mtu aliyefikia kwa watu asiowazoea. Hajira alikuwa amepiga magoti mbele yake akimwambia, ni mimi, Hajira, na Bi Sitara akitikisa kichwa kukubali, kwa heshima, asimuudhi.

Awadhi aliisimamisha stendi kwenye kona, akaifunga kamera, akaipima isawazike. Akazibandika nyayo za stendi sakafuni kwa utepe ili mtu asiisogeze. Akaomba wote watoke isipokuwa mama. Akaielekeza kamera dirishani, akapiga. Mwanga ulikuwa unaondoka; ukuta wa jirani ulikwishakuwa wa buluu. Akailegeza kamera, akaigeuza kushoto, akaikaza tena, na mlango ukatokea kwenye kioo chake, giza kwa giza, isipokuwa mstari mwembamba wa taa ya ukumbini chini yake. Kwa mwanga ule nusu hizi mbili zisingeungana hata kidogo. Moja mchana, moja usiku. Ingebidi kurudia zote mbili asubuhi, kukiwa na mwanga, kabla lori halijafika.

Akasimama na kifuniko cha lenzi mkononi.

"Wewe fundi," aliita Bi Sitara.

Awadhi akageuka. Mama yake alikuwa anamtazama kwa upole kabisa.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Basi mwenye kazi yake hayupo. Ni mwanangu, Awadhi, ametoka tangu asubuhi." Akanyoosha kanga begani. "Njoo kesho utamkuta."

Awadhi akaitazama ile stendi, akaitazama miguu yake ilivyobandikwa sakafuni. Ukumbini Twaha alikuwa anafunga vyombo kwenye mafurushi.

"Haya mama," alisema. "Nitakuja kesho."

Akaifunika lenzi, akaiacha kamera palepale ikiuelekea mlango, akatoka taratibu asimshtue.